Ghala Lililochomwa

Leo saluni, hapa Peckham, London, nywele za mteja ziliungua kidogo, na harufu ile ikanirudisha utotoni, ndani ya gari la jirani yetu Mwairishi. Alitutoa London, akatuvusha bahari kwa feri hadi kwao, kutuonyesha mahali mababu zake wa kale walipowaasi Waingereza. Akasimama kando ya uwanja wenye majani mabichi.

"Hapa wapiganaji wetu waliwafungia watu wa upande wa Waingereza ghalani, wakalitia moto," akasema, sauti imemshuka. "Waliojaribu kutoka walichomwa mikuki. Hata watoto."

Mama akafungua mlango, akatapika.

"Twende zetu, ndugu yangu," Baba akamwambia jirani.

"Ngoja," Mama akasema, akijifuta mdomo kwa mtandio. "Na sisi Unguja, siku za mapinduzi, walituchomea nyumba. Kaka yangu alikuwa ndani, akiniita."

Ndipo nilipojua kwamba niliwahi kuwa na mjomba.