Mume wangu alifia katika shimo la chumvi, nikaacha rafiki yake abebe lawama

Admin, ficha jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mimi ni mjane wa hapa Uvira, nimepita miaka themanini. Macho hayaoni tena vizuri, binti wa jirani ndiye ananiandikia kwa telefone yake. Mwanangu hajui.

Miaka michache baada ya uhuru, uasi ulipoingia Uvira, mimi na mume wangu Petro tulikimbia mtaa wetu wa Songo na mtoto mchanga, tukaenda upande wa Mutarule. Alitupokea Leonidas, mkulima Mrundi, rafiki ya Petro tangu ujana. Alitupa chumba na sehemu ya shamba lake la muhogo. Barabara zilifungwa, chumvi ikapotea kabisa. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi mpaka watoto wa Leonidas wakawa wanasukuma sahani.

Leonidas alijua mahali ambapo udongo wa chini una chumvi. Yeye na Petro wakachimba shimo, likaingia chini ya kilima kama chumba. Mimi na mke wake tuliloweka ule udongo, tukachuja maji, tukayachemsha mpaka chumvi ikabaki chini ya chungu. Leonidas alikuwa na masharti yake. Tusikate miti, tupikie mabua ya mahindi. Upande uliochimbwa tuupumzishe. Na katikati ya shimo aliacha nguzo nene ya udongo.

"Ile musiguse," alituambia. "Ile njo iko inashika kilima."

Lakini nguzo ile ndiyo ilikuwa na chumvi nyeupe kuliko kote. Na mimi nilitamani kikwembe kipya cha kuvaa siku ya ubatizo wa mtoto. Mama mmoja wa Nyakabere alikuwa nacho, akakubali tubadilishane kwa chumvi, ila hakutaka ile yetu ya kijivu.

Siku moja Leonidas akiwa shambani, nikamwambia Petro akwangue nguzo.

"Leonidas alikataza," akasema.

"Leonidas njo bwana yako? Kwangua kidogo tu, pembeni."

Akacheka, akaingia. Nilisimama mlangoni kupokea vitunga vya udongo. Aliposema inatosha, mimi nikaomba kimoja tena. Udongo ukashuka wote kwa mara moja. Nilichimba kwa mikono huku nikipiga kelele. Leonidas ndiye alifika wa kwanza, na ndiye alimtoa. Petro alikuwa amekwisha kufa.

Kwenye kilio, kaka mkubwa wa Petro aliuliza nani alikata nguzo. Nikanyamaza. Akamgeukia Leonidas: "Ni weye ulimuleta ndugu yangu mu shimo. Ulijua yenye unafanya." Siku zile za uasi kila mtu alimshuku mwenzake, na neno kama hilo lilitosha. Watu wakabomoa nyumba ya Leonidas. Kabla ya kuvuka mto Ruzizi kurudi Burundi na mke na watoto, alikuja kwangu.

"Mama, minye sikugusa ile nguzo," akasema taratibu. "Weye ulikuwa pale."

Nilijifunika uso nikalia. Watu wakadhani ni kilio cha mjane. Akangoja kidogo, kisha akaenda.

Sasa mjukuu wangu amepata mchumba, binti mpole anayenipikia na kunichana nywele. Wazee walipouliza ukoo wake, jina la Leonidas likatoka. Ni babu yake. Mwanangu akakataa ndoa palepale: "Damu ya baba iko kati yetu."

Juzi binti huyo alikuja peke yake, akapiga magoti. "Koko, bibi yangu, babu alikufa akisema hakufanya ile kitu. Weye unakumbuka nini?"

Nikamwambia miaka ni mingi, nimesahau. Aliniamini. Akanishukuru hata hivyo, akaosha vyombo vyangu kabla ya kwenda.

Jumapili baada ya misa familia itakutana, nami nitaulizwa kama mkubwa wa nyumba. Mwanangu amenitunza maisha yake yote akiamini mtu mwingine ndiye alimfanya yatima. Nikisema, nitampoteza. Nikinyamaza, nitamfukuza mjukuu wa Leonidas kama tulivyomfukuza yeye.

Nyinyi munaosoma, wenye mama na wenye watoto, nishaurini. Jumapili niseme nini mbele yao?