Tofali Lililovuta Pumzi

Dada yangu hakati tofali bila kulipigia hodi. Kiangazi kikishika na kinamasi kikakauka, hushuka na sepetu, akakata udongo mgumu vipande vya mraba, kisha hugonga kila kipande mara mbili kwa vifundo vya vidole. Asipojibiwa, hukianika. Akijibiwa, hukiweka kando chini ya gunia.

Anayejibu ni kamongo. Samaki huyo ana mapafu. Maji yakiisha hayafuati. Anajizika topeni, anajikunja mpaka mkia ufunike macho, anajivika utando wa ute wake na kubakiza tundu la kupumulia. Hulala hivyo miezi, hali wala hanywi. Ukimgonga ananung'unika kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mvua ikija, Dada huyalaza majini yale matofali ya kando, akasimama hapo mpaka udongo ulegee na mgeni wake ajinyooshe. Watu humwita Yaya wa Samaki. Yeye hucheka tu.

Miaka ishirini na sita amewakatia wengine. Mwaka huu alikata ya nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili. Katikati ya kazi akajikata kiganja, akafunga kitambaa mpaka kwenye vifundo, akaendelea. Hakuna tofali lililomjibu tena. Akasema mwaka huu wamelala mbali.

Siku ya kuchoma nilimkuta na Majivu, mchoma matofali wetu, wameyapanga matofali yenyewe yawe tanuri, kuni zimejazwa, mawingu yanakusanyika. Joto lilifanya uwanja wote uwe kama unaelea. Nikaegemea tanuri kidogo, kichwa chepesi, na ndani ya matofali nikasikia pumzi. Ndefu, kisha kimya, kisha nyingine.

Binti yangu ana pumu. Miaka kumi na minne nimelala sikio langu likiwa kifuani pake. Shule niliishia darasa la nne, lakini pumzi naijua.

"Dada, kuna aliyelala humu."

"Ni jua hilo," Majivu akasema, kiberiti mkononi. "Kaa kivulini."

"Nimesikia."

"Juzi ulisikia mwizi, tukakimbia na marungu, kumbe mbuzi."

"Na huyo mbuzi alikuwa anaiba."

Dada hakucheka. Aliutazama mkono wake, akaugeuza taratibu. "Nimekuwa nikigonga kwa kitambaa," akasema.

"Dada, tukishusha sasa mvua itatukuta," Majivu akasema. "Mabichi haya. Yatarudi kuwa tope. Nyumba nzima, kwa samaki mmoja?"

"Pengine hata hayumo," nikasema haraka. Wasiwasi ulikuwa umenigeukia; nilijiona nambomolea nyumba kwa sikio langu.

Dada alifungua kitambaa kwa meno. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Akapanda juu, akaanza kugonga na kushusha, kugonga na kushusha. "Mdogo wangu, pokea." Nikapokea. Majivu akasonya, akatia kiberiti mfukoni, akaja kupokea naye.

Mvua ilianza tukiwa safu ya tisa. Tuliyokuwa tumeyashusha yalilegea pembe kwanza, kisha yakaanza kupoteza sura, kama mambo yanavyopotea mtu akisinzia. Uwanja ukageuka kinamasi miguuni petu. Dada hakuacha kugonga. Wala si yeye aliyempata. Nililipokea mimi lile tofali, nikaliweka chini bila kusikia lolote, nalo likafunguka lenyewe mvuani. Akatoka polepole, wa kijivu, urefu wa mkono wangu, mapezi kama nyuzi. Akainua kichwa, akavuta hewa. Pumzi ilikuwa ile ile.

"Ndiye huyo," Majivu akasema chini chini, akasogeza mguu apite.

Dada alishuka, akamfuata nyuma nyuma, ameinama, mikono ameitanua bila kumgusa, mpaka yule samaki akazama kwenye maji ya kinamasini. Dada alikaa huko kitambo. Aliporudi, tanuri lilikuwa limekaa chini upande mmoja, kama mtu aliyechoka.

"Imebaki nusu," nikamwambia. Nilitaka anikaripie, nipumue.

"Nusu ni chumba kimoja," akasema, akijipangusa uso. "Na mimi nalala peke yangu. Hicho cha pili nilikuwa sijui hata nitaweka nini."

Majivu alikuwa ameshaanza kuyafunika yaliyobaki kwa turubai aliyoikimbilia kwake, akituita tushike pembe.