Kigego wa Banda la Video

Nilikuwa darasa la tatu pale Mazinde, na kwa watoto wenzangu nilikuwa na cheo kikubwa, kwa sababu baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa na banda la video. Lilikuwa banda la mabati na magunia nyuma ya nyumba yetu, na ndani mna mabenchi na luninga moja juu ya meza ndefu. Jumapili mchana watu walitoka kambi za mkonge, wengine hata Mombo, wakaja kubanana humo. Hawakufuata picha tu. Walimfuata baba mdogo Salehe, aliyeshika maiki na kutafsiri.

Leo naweza kusema bila kumvunjia heshima kwamba Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Aliangalia sura za watu, akadaka neno moja hapa na jingine pale, yaliyobaki akatunga. Alitunga vizuri kiasi kwamba walioziona picha zilezile Korogwe mjini walirudi wakilalamika kwamba kule zimeharibiwa.

Wakati huo zilipendwa picha za kutisha, hasa zile ambazo adui ni mtoto. Ikaja moja yenye binti mdogo, nywele zimemlala kichwani kama amemwagiwa maji, anaishi na wazazi wake kwenye nyumba kubwa. Kila anayetazamwa na binti yule anaugua, mwisho anakufa. Baba mdogo alihitaji jina la kumpa. Akasema kwenye maiki, "Ndugu watazamaji, huyu mnayemwona ni kigego."

Banda zima lilinguruma. Hapakuwa na haja ya kueleza. Kwetu kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na wazee waliamini kwamba mtoto wa hivyo huleta vifo nyumbani. Baba mdogo akamtungia na sauti, nyembamba, ya polepole: "Mama, leo nani anafuata?" Wiki ile yote tuliisema njiani, bombani, hata darasani mwalimu akigeuka.

Bibi, mama mzazi wa baba mdogo, hakuwahi kuingia bandani, ila maiki ilimfikia jikoni. Jioni akamwita. Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni yao.

"Salehe, hilo neno liache."

"Ni mchezo tu, mama."

"Mama yangu alizaa mmoja wa namna hiyo. Mdogo wangu, nilikuwa nambeba mgongoni. Siku walipoyaona meno yake nilikwenda kuchota maji, niliporudi sikumkuta, na sikuambiwa alikopelekwa. Watu walikuwa wameanza kulisahau neno hilo. Wewe unawakumbusha."

Baba mdogo alimpenda mama yake. Aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Lakini Jumapili iliyofuata banda lilijaa mpaka watu wakasimama nje, na wote walimtaka kigego. Akawapa.

Mke wake, mama mdogo Mwanaidi, Mzigua wa Handeni, alikuwa ana mtoto wao wa kwanza, Zuhura, ambaye hata kukaa alikuwa bado. Baada ya miezi kadhaa mtoto akaanza kutoa udenda na kung'ata kila kitu. Asubuhi moja mama mdogo alimwita bibi chumbani, wakakaa humo muda mrefu. Bibi alipotoka alinikuta mlangoni.

"Meno ya Zuhura yametokea juu," aliniambia taratibu. "Ni meno tu. Lakini usimwambie mtu mpaka ya chini yatoke."

Sikumwambia mtu. Ilijulikana kliniki. Shule zilikuwa zimefungwa, nikamsindikiza mama mdogo kumpima mtoto. Zuhura aliponing'inizwa kwenye mizani aliogopa, akalia mdomo wote wazi. Muuguzi aliyaona meno, akasema wengine huanza hivyo, hakuna tatizo, akaandika uzito. Lakini kwenye benchi nyuma yetu akina mama walikuwa wameyaona pia. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kama yule wa Salehe." Mwenzake akamvuta mwanawe, akamhamishia paja la pili.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa ukiyatazama moja moja. Jirani aliyezoea kuja kuomba moto hakuja tena. Mtoto wa nyumba ya mbele alipata homa, na ingawa alipona, watu walikumbuka kwamba Zuhura alikuwa amemwangalia. Watoto walipita nyuma ya ua wetu wakisema kwa sauti nyembamba, "Mama, leo nani anafuata?" Mama mdogo aliisikia akiwa ananyonyesha.

"Waambie ulitunga," alimwambia mumewe.

Alijaribu. Lazima niseme hilo, kwa sababu siku hizi wanaomsimulia hulisahau. Aliiweka picha ile tena, akaitafsiri upya. Alisema mtoto yule hana kosa lolote, anaumwa, na watu wa nyumba ile wanakufa kwa maradhi yao wenyewe. Mwanzoni watu walicheka wakidhani anaongeza utamu. Halafu wakaanza kunung'unika.

"Salehe, tafsiri picha," mmoja akasema.

"Ndiyo ninaitafsiri. Hapa hakuna kigego. Neno hilo nililitia mimi."

Kutoka benchi la nyuma mtu akajibu, wala hakupaza sauti, "Mwenye kigego nyumbani atasema nini kingine?"

Baba mdogo aliiweka maiki mezani. Binti wa kwenye luninga aliendelea kutembea ngazini bila sauti. Kisha baba mdogo akatoka nje, akazima jenereta, na watu wakatawanyika.

Tangu siku hiyo alibadilika. Mgeni akibisha hodi, yeye alikuwa wa kwanza kuchukua kanga na kumfunika Zuhura usoni. Mama mdogo alimvumilia kwa muda. Siku alipomwona anambana mtoto mdomo kwa kiganja kwa sababu muuza samaki amesimama uani, alimchukua mwanawe mikononi mwake.

"Watu wa nje ninawaweza," alisema. "Wewe baba yake siwezi."

Kesho yake alipanda basi kurudi kwao Handeni. Bibi alimbebea mzigo mpaka barabarani.

Baba mdogo alisema atawafuata akishauza jenereta. Aliiuza, hakwenda. Akasema mvua zikikatika. Zilikatika. Bibi alimsema mpaka akachoka, mwisho akaenda mwenyewe, akarudi na habari kwamba meno ya chini yametoka, mtoto anatembea, anapenda muwa. Baba mdogo alitaka arudie habari ya muwa. Lakini hakuondoka. Nayo meno yale yaliyoleta yote hayo yaling'oka wakati wake ulipofika, kama ya mtoto yeyote, yakaota mengine.

Mwaka jana tulimzika baba mdogo. Zuhura alikuja msibani, mama wa watoto wawili sasa, mwenye duka la dawa kwao Handeni. Tulikaa mkekani, yeye na mimi, watu wengine wakiwa wamekwenda kula.

"Alikuja kwetu mara moja tu," aliniambia. "Nilikuwa darasa la kwanza. Alikaa na babu, mimi nikampelekea maji ya kunawa. Hakuniangalia hata kidogo. Akaondoka kabla chakula hakijaiva."

Nikamsimulia habari za banda na lile neno. Mama yake alikuwa amemwambia tu kwamba Mazinde hapakuwa mahali pa kulea mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Kwa hiyo alikuwa anaona aibu," akasema.

"Aibu, ndiyo. Na kuogopa watu."

"Mimi miaka yote nilidhani ananiogopa mimi."

Nilimshika mkono. Mwenye la kumwambia tulikuwa tumetoka kumzika.

Wanangu nao wanazipenda picha za watoto wa kutisha, na mara nyingine nakaa nao. Mtoto wa kwenye picha hanitishi tena. Ninayemtazama ni baba yake. Karibu kila picha ina mahali ambapo baba anasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, anamwangalia mwanawe aliyelala, na haingii. Watoto wangu hapo hufunika macho. Mimi natamani aingie.