RAM ya Mama Mkwe

Nyumba niliyopanga Mpanda ina vyumba viwili na sebule, na kwa miezi mitano nilikuwa naingia kwangu kwa mlango wa jikoni kama mtu mwenye kesi. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu ili awe karibu na hospitali, kwa sababu ya presha ya macho. Mimi ni Msukuma. Nimelelewa kwamba mama wa mke wako hupishani naye mlangoni, huli mbele yake, na chumba anacholala hukanyagi hata nyumba ikiungua. Yeye ni mtu wa Mpimbwe, na aliponiona nakohoa uani kila ninapotaka kuingia, akaanza kujifungia chumbani ili nipate nafasi. Tukawa wafungwa wawili, kila mmoja kafungwa na adabu ya mwenzake. Mke wangu anafundisha shule huko Kasekese na hurudi Ijumaa. Siku nyingine zote mimi na mkwe tuliongea kupitia pazia la mlango wake.

Huko ndani alikuwa na laptop ya zamani na rundo la madaftari. Alikuwa mkunga wa zahanati miaka mingi, na kila mtoto aliyempokea alimwandika: siku, saa, jina la mama, mvua ilinyesha au haikunyesha. Sasa watu wazima wenye ndevu zao wanamtafuta kumuuliza walizaliwa lini, maana bila tarehe kupata cheti ni mateso. Alitaka kuyaingiza yote kwenye laptop kabla macho hayajafa. Alisema hivyohivyo, "hayajafa", kama anayezungumzia betri.

Shida ni kwamba laptop ilikuwa na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB mbili tu, na faili lilishakuwa kubwa. Kulifungua ilikuwa kazi ya kuivisha maharage. Nikiwa koridoni nilimsikia akiigombeza: "Funguka basi, we mtambo! Unafikiri mimi nina siku ngapi?"

Mimi ni fundi simu, nina kibanda karibu na soko. Wateja wangu wote wanaijua kauli yangu: "Lete niione." Ukiniambia simu yako ni ya aina fulani sikuamini mpaka niishike mwenyewe, na nimeshagombana na watu wazima kwa jambo hilo. Lakini ya mkwe sikuishika. Nilimwomba mara moja niende nayo kibandani, akasema siku moja bila laptop ni siku moja ya macho yake imepotea. Sikurudia ombi.

Basi siku moja asubuhi nikasimama koridoni, uso nimeuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nataka ninunue RAM inayoendana na mashine yako. Nakupa bisibisi. Chini kuna kifuniko kidogo, ukikifungua utaona kijibao chenye lebo. Nisomee kilichoandikwa."

Bisibisi niliiweka kwenye sahani, nikaisogeza chini ya pazia.

"Unaweza, mama?"

"Nimetoa mapacha waliokaa vibaya, nitashindwa na vijiskrubu?"

Nilisikia skrubu zikidondoka mezani moja moja, haraka kuliko ninavyozifungua mimi.

"PC3," akasema. "Halafu manamba mengi."

"Baada ya hiyo tatu kuna herufi, mama?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yote. RAM za kizazi kimoja zinaweza kufanana umbo na kuingia pale pale, kumbe moja inataka umeme mdogo na nyingine mkubwa. Ile ya umeme mdogo ina herufi L kwenye lebo, ndogo kama punje ya ulezi. Mashine ya umeme mdogo ukiiwekea ile nyingine, inaweza isiwake kabisa.

Nikasikia kiti kikiburuzwa kuelekea dirishani.

"Hakuna, baba."

Nilitaka kumwambia akichomoe kile kijibao, anipitishie kwenye sahani nikione mwenyewe. Nikaacha. Kumuuliza mkwe mara ya pili ni kumwambia humwamini, na mimi nilikuwa najisifu moyoni kwa heshima yangu. Nikaagiza RAM ya GB nne, isiyo na L, ikaja na basi baada ya wiki moja.

Ilipofika nikaipitisha kwa sahani ileile. Nikamwelekeza: zima, toa betri, chomoa ya zamani, chomeka hii mpaka ilie "tak". Vidole vyake vilifanya kila kitu bila kubabaika. Akawasha. Laptop ikapiga mlio, ikapiga tena, kioo hakikuwaka.

"Irudishe ya zamani, mama, tuone."

Nikasikia kiganja kikipapasa. Kikapapasa tena.

"Siioni."

"Umeiweka wapi?"

"Hapahapa kitandani."

"Labda imeanguka uvunguni."

"Haijaanguka," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Ipo hapa. Siioni."

Nikafunua pazia, nikaingia. Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na ile RAM ilikuwa juu ya shuka jeupe, mbele ya goti lake. Niliiokota. Ile L niliiona kabla sijaileta karibu. Nikakaa kwenye kitanda cha mama mkwe wangu.

Nikarudisha RAM ya zamani na kuwasha. Faili likaanza kufunguka kwa uvivu wake uleule, tukalisubiri bega kwa bega. Lilipofunguka nikashuka mpaka chini. Majina yalikwenda vizuri, kisha pakafika mahali herufi zikaharibika. Vidole vilikuwa vimehama kitufe kimoja, na kuanzia hapo kurasa kwa kurasa hapakuwa na jina, tarehe wala mama. Alikuwa ameandika hivyo kila siku, mimi nikimsikia na kufurahi kwamba kazi inaenda.

"Kazi imekaa vizuri?" akauliza.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. "Hapana, mama. Mwezi huu wote hausomeki."

Akageuza uso, akakosea, akauelekeza mlangoni badala ya kwangu.

"Kwetu mkwe anaingia," alisema. "Anakaa, anakula na sisi. Nilinyamaza kwa sababu niliona ndivyo mlivyo nyie. Na macho nikayaficha, maana hakuna aliyekuwa anakuja kuyaona. Hata ile PC3 niliisoma kwa kitundu kidogo tu kilichobaki."

RAM yenye L ilikuja wiki iliyofuata, nikaiweka kwa mkono wangu. Faili sasa linafunguka kabla sijakaa sawa. Kila nikifunga kibanda nakaa chumbani kwake na kuandika anachokumbuka, na anakumbuka vingi, lakini si tarehe. Tarehe zimo kwenye madaftari manne yaliyobaki bila kuingizwa. Nimeyapeleka kwa mke wangu, nimeyapeleka kwa wauguzi aliofanya nao kazi. Mwandiko ule alikuwa anaweza kuusoma yeye peke yake.