Simu Iliyoachwa Wazi

Gaudensia wa Endagikot alikuwa akiazima simu ya mumewe, Onesphory, asome mtandaoni habari za uvimbe alioupapasa kwenye titi lake. Hakutaka mumewe ajue kabla yeye hajapimwa. Loveness, mtoto wa dada yake, ndiye aliyeitegesha simu ijifutie yenyewe historia ya kurasa alizosoma.

"Ila ufunge ukurasa ukimaliza, mama mdogo. Usipofunga haifuti."

Asubuhi moja akiwa katikati ya kusoma, mama mkwe akaingia uani. Mkwe hasalimiwi ukiwa na kitu mkononi. Gaudensia akaiacha simu juu ya gunia la maharage, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto wameamkaje? Na ndama?"

Akajibu moja moja, jicho kwenye simu, maana Onesphory alikuwa akitoka zizini, na salamu za mama mkwe hazikatishwi.

Onesphory akaiokota simu. Akasoma, akarudia kusoma.

"Mama, subiri kwanza," akasema. Hakuwa amewahi kumkatisha mama yake. Kisha akamgeukia mkewe: "Vaa viatu. Naita bodaboda, twende hospitali."