Kipara na Mbwa wa Nywele Zisizokoma

Kinyozi mmoja alikuwa na kipara kilichong'aa hivi kwamba kioo kikiingia ukungu, wateja walijitazamia humo. Watu wote walimwita Kipara, mkewe pia, ila mkewe alimwita hivyo akiwa na hasira tu. Kwa miaka thelathini na mitatu alinyoa vichwa katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani na kiti cha chuma kinachozunguka. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mtu alisinzia akiwa na nywele, akaamka hana, akauliza ataanza kunyolewa saa ngapi.

Kisha akaugua. Alilala kitandani miezi mitatu, na alipoinuka, miguu ilikuwa yake, ulimi ulikuwa wake, lakini mkono wa kulia ulikuwa na mambo yake wenyewe. Akishika kijiko, supu ilirudi kwenye bakuli kabla ya kufika mdomoni. Daktari akamwambia mkono unataka kazi, ufundishwe upya taratibu, kama mtoto anavyofundishwa kuandika. Kipara alisikia neno moja tu, kazi, na siku ya pili yake akafungua chumba.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu wa tai, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Mashine ilipanda vizuri kisogoni. Ilipofika utosini mkono ukashtuka, mashine ikakata kona ikashukia sikioni. Mwalimu alitoka na barabara kichwani, tena ya kona mbili. Wanafunzi elfu moja na mia mbili waliiona kabla ya saa nne asubuhi, na siku hiyo hapakusomwa kitu. Hata jioni haijafika, mtaa mzima ulikuwa umehamia ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi mwingine aliyefundishwa kazi na Kipara huyohuyo.

Ndipo binti yake mkubwa alipoanza kupima ukuta kwa macho.

"Baba, usinune," alisema. "Chumba kimekaa bure. Nataka kuweka makabati, niuze vitambaa. Seremala nimeshaongea naye. Siku shule zikifungwa, anakuja kupima."

"Na kiti?"

"Kiti tutakipeleka uani. Utakalia ukiota jua."

Kipara alitokwa jasho kipara kizima. Yeye, akae uani juu ya kiti cha kunyolea kama kuku anayeatamia! Alijua mkono ukipata vichwa utarudi. Lakini vichwa avipate wapi? Cha kwake mwenyewe hakikuwa na la kunyoa. Mkewe alipoombwa alifunga kilemba mafundo manne, akalala nacho wiki nzima. Mkwewe alianza kuvaa kofia mpaka mezani.

Siku hizohizo nyumba ilikuwa ikitafuta mbwa. Wajukuu walikuwa wamelilia mbwa mwaka mzima, mpaka bibi yao akachoka, akasema haya, ila asiwe mbwa wa kumwaga manyoya sakafuni kwake. Na sakafu ya bibi huyo haikuwa ya mchezo. Nzi aliyetaka kutua pale alifuta miguu kwanza.

Wakaenda kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye sauti ya ngoma, aliyekuwa na mbwa wawili wa kutoa. Wa kwanza alikuwa jibwa la kifua kipana na manyoya mafupi, limetulia kama askari wa lango. Wa pili alikuwa rundo la nywele. Upande wa mbele ni upi, mtu asingeweza kusema.

"Huyu baba yake ni pudo," daktari akaeleza, "wale wa manyoya ya kujisokota kama sufu ya kondoo. Mama yake ni teria, wale wafupi wabishi, wanaofukua mashimo na kumfokea hata ng'ombe. Huyu amechukua nywele za baba na ukaidi wa mama."

"Kichwa kiko wapi?" binti akauliza.

Upande mmoja wa rundo ukabweka.

"Baba, tuchukue hili kubwa," binti akasema. "Mwizi akimkuta huyu mwingine mlangoni, si atamfanya zulia la kufutia viatu!"

"Msije mkasema sikuwaambia," daktari akaendelea. "Huyu mdogo ana akili, na watoto anawapenda. Lakini ana kazi. Manyoya yake hayapukutiki ovyo kama ya mbwa wengine, yanaota tu, kama nywele za mtu. Asiponyolewa kila baada ya wiki chache yanafungana mafundo, anaumia, hata njia haioni. Watu watatu wamemkataa kwa sababu hiyo."

Kipara alikuwa amesimama nyuma, amekunja mikono ili mmoja umtulize mwenzake.

"Yanaota kila siku?" akauliza.

"Kila siku ya Mungu."

"Hata ukimnyoa leo?"

"Kesho yameshaanza tena."

Kipara akameza mate. Mbele yake alikaa kiumbe ambaye mwili wake wote ulikuwa kichwa, tena kichwa kisicho na ng'ambo ya kuhamia! Lakini hakuwa mjinga wa kuchekelea mbele ya watu. Alijikokota mpaka kwa lile jibwa, akalipapasa mgongo kwa mapenzi ya uongo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akafungua kiganja. Kilikuwa kimejaa manyoya. Akayapuliza kidogo, kwa bahati mbaya kabisa, yakatua yote kwenye sketi nyeusi ya mkewe.

"Mama watoto," akasema kama asiyejali, "umesikia lakini? Ya yule mdogo hayapukutiki."

Mke akaitazama sketi. Usoni mwake ilionekana anaiona sakafu yake, chumba kwa chumba.

"Yule mdogo," akasema.

"Mama!"

"Kwani utakuja kufagia wewe?"

Kipara akambeba mbwa mwenyewe mpaka nyumbani, na kabla hawajafika alikuwa ameshampa jina. Alimwita Mteja.

Asubuhi yake alimpandisha Mteja kwenye kiti cha chuma, akamfunga shuka shingoni, akaivika mashine kitana kirefu ili meno yasiguse ngozi. Sasa, mkono wa Kipara ulitikisika, na kichwa cha Mteja nacho hakikutulia hata kidogo. Nzi akipita, kinamsindikiza. Pikipiki ikipita, kinaitukana. Jioni Mteja alitoka barabarani akifanana na shamba lililoliwa na mbuzi wenye haraka. Muuza maziwa alicheka mpaka akamwaga debe zima.

"Kipara, huyo mbwa kagongwa na nini?"

"Muacheni, mwalimu mkuu kapata pacha!" mwingine akadakia.

Kipara akatia pamba masikioni, akarudi ndani. Alipunguza tamaa. Leo akanyoa sikio la kushoto tu, kesho la kulia, keshokutwa kidevu. Akagundua kwamba akikibana kiwiko ubavuni na kutoa pumzi kwanza, mkono unatulia muda wa kuhesabu nne. Akawa ananyoa kwa nne. Wiki iliyofuata mkono ukampa sita. Tena kwa kuwa Mteja hakutabirika, mkono ulikuwa na kazi ya kumfuata, ukawa unasahau kutikisika.

Na zile nywele zilikuwa hazina simile! Akimaliza sikio la kulia, la kushoto limeshajaa. Mke alizoa nywele zile kwa gunia, akajaza mito minne na godoro la mtoto, na hakumlaumu mtu kwa sababu zote zilianguka chumba cha kinyozi, si sakafuni kwake.

Kufikia wiki ya tisa, Mteja alikuwa akipita mtaani na kichwa cha duara kama chungwa, mashavu yamepunguzwa kwa mkasi, na juu ya macho mstari ulionyooka kama uzi wa fundi. Mbwa wengine walimpisha. Siku moja kabla ya shule kufungwa, mke wa Kipara akiwa anamtembeza, mwalimu mkuu akasimama njiani.

"Mama, huyu mnamnyolea wapi?"

"Pale pale ulipopata barabara, Mwalimu."

"Mkono ule ule?"

"Ule ule. Ila siku hizi umesoma."

Mwalimu akainama, akapitisha kidole juu ya ule mstari, akatafuta kosa kama anayesahihisha mtihani. Hakuliona.

"Kesho nasimama mbele ya wazazi wote," akasema. "Nikiharibiwa tena nahama mji."

"Basi utahama umependeza."

Asubuhi ya kufunga shule, binti alikuwa chumbani na seremala, futi ya kupimia imenyooshwa ukutani, mwalimu mkuu alipoingia na kukaa kitini. Habari iliruka dirishani. Watu wakaja na miswaki mdomoni. Kinyozi wa ng'ambo alimwacha mtu ana nywele nusu, akaja kuchungulia, na yule wa nusu akamfuata.

"Baba," binti akanong'ona, "nimwite huyo wa ng'ambo akusaidie?"

"Kaa chini, mwanangu."

Kipara akakivua kile kitana kirefu. Mteja, aliyekuwa chini ya kiti, akakemea umati mara moja, umati ukanyamaza. Kiwiko ubavuni. Pumzi nje. Mashine ikapanda kisogo, ikapanda, ikafika utosini, pale pale mkono uliposhtukia. Watu wakafumba macho. Mke peke yake aliyakodoa.

Mashine ikapita.

Ikarudi, ikapita tena, ikalaza pande zote mbili sawasawa. Kipara akachukua wembe mpya, akazunguka sikio la kwanza, akazunguka la pili, na laiti ungekuwa na rula ungeona haya kuitoa. Kisha akampa mwalimu kioo cha mkononi. Mwalimu akajitazama kushoto, akajitazama kulia, akakaza tai, akatoka mlangoni. Pale nje akajigeuza mzima, polepole, kama bibi harusi anayeonyesha gauni.

Kelele zilizopigwa ziliamsha watoto wachanga mitaa mitatu. Yule mwenye nywele nusu akawahi kiti kabla hakijapoa. Nyuma yake foleni ikajipanga mpaka kwa muuza maziwa.

Binti akakunja futi, akamtazama baba yake, akacheka huku anafuta macho.

"Fundi," akamwambia seremala, "nisamehe nimekusumbua. Hapa hapapimwi tena. Unaweza kwenda."

"Niende wapi, dada?" seremala akavua kofia. "Mimi ni wa tano hapa. Nikitoka tu, namba yangu imeliwa."