Msalaba wa Masizi

Leo nimemchora mtoto wa Kiislamu msalaba usoni, nikadhani nimempoteza rafiki.

Neema mjukuu wangu ndiye anayeandika. Mimi shule sikuiona.

Asubuhi nilikuwa nachochea makaa nikaange mahamri. Halima, Mwislamu wa kabila la Waorma anayeniletea maziwa miaka yote, akapita mbio na mjukuu wake Asha mgongoni.

"Mama Komora, homa! Twaenda hospitali!"

Nikamgusa Asha paji la uso. Moto! Kidole kikachora msalaba chenyewe, kama ninavyowafanyia wangu wakiumwa. "Yesu akuponye, mwanangu."

Halima akanitazama, akaenda zake.

Ndipo nikaona kidole changu. Cheusi tii.

Jamani! Mtoto ameingia hospitali hapa Garsen na msalaba wa masizi usoni! Watu wao watasema nini? Kwamba nimembatiza kwa nguvu?

Mahamri yakaungua. Wala sikujali.

Saa nane mchana Halima akapiga simu. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Wewe mwanamke, nimesugua mpaka leso yangu imeharibika!"

Nikamuuliza hali ya mtoto.

"Amelazwa, ametundikiwa maji. Mimi namwomba Mungu hapa, nawe omba huko. Lakini nawa mikono kwanza!"

Nimenawa. Nimeshika rozari, maana homa haijashuka.

Na nyinyi mnaosoma, msinicheke tu. Mwombeeni Asha, kila mtu kwa dini yake.